Haki ya Mbwa Mwitu Aliyefungwa

Maneno yaliyomo katika kurasa hizi ni juu ya swali moja ambalo watu wa pwani hawapendi sana kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: mtu akimfunga mnyama ambaye haliwi nyama yake, wala hachukui mzigo, wala hapendwi, wala hakaribishwi nyumbani, je, uzima wa mnyama huyo na maradhi yake huwa juu ya shingo ya aliyemfunga, au humhusu Mola aliyemwumba peke yake?

Wengi hujibu upesi kwamba mbwa ni mbwa, akifa amekufa, na mwenye kumlilia mbwa amekosa la kulia. Jibu hili ni jepesi mdomoni, walakin ni zito katika mizani ya sheria, kama itakavyoonekana.

Na swali halikutoka hewani. Msafiri atokaye Lindi kwenda bara, akaipita Nachingwea mpaka akafika Lionja, huona mikorosho na mashamba ya ufuta na mbaazi na mihogo, na nyuma ya mashamba huliona pori. Akiendelea upande wa Liwale pori huzidi na vijiji hupungua, na mbele ya Liwale ndiko iliko Selous, pori la akiba lililopewa jina hilo mwaka 1922, na ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huko wako mbwa mwitu kwa mamia, na mahali penye wingi kama huo ni pachache mno katika Afrika nzima.

Watu wengine hudhani kuwa mbwa mwitu ni mbwa wa kijiji aliyetoroka akazoea pori. Sivyo. Huyu ni kiumbe mbali. Mbwa wa nyumbani ana kidole cha tano katika mguu wa mbele, na mbwa mwitu ana vinne tu. Masikio yake ni makubwa ya mviringo, na mwili wake una mabaka ya rangi nyeusi na ya manjano na nyeupe, wala hapatikani mmoja aliyefanana mabaka na mwenziwe. Hazai na mbwa wa nyumbani. Na jina hili la mbwa mwitu watu humpa pia yule wa Ulaya na Marekani afungwaye makundi makundi katika bustani za wanyama. Huyo ni mwingine, walakin katika jambo linalosemwa hapa hukumu yao ni moja.

Katika Afrika yote mbwa mwitu waliobaki hawafiki 7,000. Wachungaji waliwaua kwa sumu kwa kuwa hula mbuzi, mashamba yalikata mapito yao, na maradhi yakamaliza makundi mazima. Kwa ajili ya uchache huo, watu wenye kazi ya kuhifadhi wanyama walionelea wawakamate baadhi yao, wawatie ndani ya ua wa waya, wazaane huko, kisha wazao wao warudishwe porini. Kazi hiyo ilifanywa katika nchi hii hii, katika Mkomazi, chini ya milima ya Upare. Khabari zake zitakuja mbele. Kwanza itazamwe sheria.

Hadithi ya mwanamke na paka inajulikana na kila aliyesoma chuoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na maana yake ni kuwa mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhi. Wengi huisoma hadithi hii wakaambulia jambo moja, nalo ni ubaya wa kumnyima mnyama chakula. Lakini mwenye kuitazama vizuri ataona kuwa mambo mawili yametajwa pamoja: kulisha, na kuacha. Yule mwanamke alikuwa na milango miwili, na wowote angaliufungua angalisalimika. Kama asingalimfungia paka, asingaliulizwa alikula nini siku hiyo, kwani paka aliyeko nje riziki yake i mbele ya miguu yake. Kosa lilianza pale mlango ulipofungwa, kwani kumfunga mnyama ni kumnyang'anya miguu yake, na aliyeinyang'anya miguu amejitwika safari zote ambazo miguu hiyo ingalikwenda.

Wala haikuharimishwa kufunga kwenyewe. Anas bin Malik amesimulia khabari ya ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege akicheza nacho, na Mtume alikuwa akimtania mtoto yule kwa kindege chake wala hakumkataza. Maulamaa wakatoa hapo ruhusa ya kumweka ndege au mnyama, wakaifungamanisha ruhusa hiyo na sharti: kwamba atazamwe.

Basi kutazamwa huko ni nini? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho madhehebu ya Shafi yanakitegemea toka Lamu mpaka Kilwa, kwamba mwenye wanyama imemlazimu kuwalisha na kuwanywesha, na akikataa hushurutishwa. Kwa mnyama anayeliwa atachagua: auze, au alishe, au achinje. Kwa asiyeliwa hana la kuchinja. Imembakia kuuza au kulisha. Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mtu angeweza kudhani kuwa mnyama asiyeliwa, kwa kuwa hana faida ya nyama, haki yake ni ndogo. Kumbe kwa kukosa mlango wa kuchinjwa, haki ya uhai wake imekazwa zaidi.

Kabla yake kidogo alikuwako Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, naye pia ni katika maimamu wa Shafi. Huyu amehesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu moja moja. Miongoni mwazo ametaja kuwa mnyama apewe matumizi yake hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena, asichukuzwe asichokiweza, na asikusanywe pamoja na mnyama mwingine atakayemdhuru, awe ni wa jinsi yake au wa jinsi nyingine, kwa kumvunja au kumpiga pembe au kumjeruhi. Yatosha msomaji ayakumbuke haya mawili, la mgonjwa na la kutokukusanya, kwani yaliandikwa Misri zaidi ya miaka 700 iliyopita, na katika Mkomazi ndiyo yaliyokuwa kiini cha mambo yote.

Mtu wa pwani atasema: hayo ni ya ngamia na punda na paka. Mbwa je? Jibu ni kuwa mbwa naye ametajwa. Katika hadithi ya Abu Huraira mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alighufiriwa. Na masahaba walipouliza kama kuna ujira katika wanyama, waliambiwa kuwa katika kila chenye ini bichi mna ujira, yaani kila kilicho hai. Na Al-Waqidi, katika khabari za safari ya kuifungua Makka, ameeleza kuwa Mtume alimwona mbwa jike ananyonyesha watoto wake njiani, akamweka mtu mmoja asimame karibu naye ili jeshi lisimsumbue. Maelfu ya watu waliokwenda vitani, na mtu mmoja ametengwa kwa ajili ya mbwa. Unajisi wa mate ya mbwa ni hukumu ya tohara, mahali pake ni mlango wa tohara. Haukupata kuwa ruhusa ya kumtesa wala ya kumsahau. Mwenye kuichukua hukumu ya tohara akaifanya ndiyo hukumu ya huruma, amehamisha nguzo ya nyumba moja akaitia katika nyumba nyingine, na zote mbili zitamwangukia.

Na hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mnyama asiyeliwa aliyetazamwa na watu wa pwani. Kule Lamu, ambako punda ndio gari na ndio mchukuzi, mwaka 1987 ilifunguliwa hospitali ya punda, nao hutibiwa humo. Hakuna aliyewacheka watu wa Lamu kwa jambo hilo. Ni kweli kuwa punda ana faida na mbwa mwitu hana faida inayoonekana na mfanyabiashara. Lakini hadithi ya paka haikuuliza faida.

Sasa iangaliwe afya ya kundi la mbwa mwitu lililofungwa, ijulikane kuwa neno kulisha lina mambo mengi ndani yake.

Porini mbwa mwitu humla swala mzima: nyama, maini, matumbo, ngozi na mifupa iliyo laini. Akiwa ndani ya ua akitupiwa mnofu mtupu kila siku, kwa macho ameshiba, walakin watoto wake hukua na mifupa dhaifu yenye kupinda, kwa sababu mnofu hauna chokaa ya kutosha kujenga mfupa. Meno yake nayo hushika ukoga kwa kukosa cha kutafuna. Na iko hila ya bei: ng'ombe aliyekufa kwa maradhi yasiyojulikana nyama yake ni rahisi, na mwenye kufunga aweza kusema, huyu ni mbwa, atakula chochote. Katika nyama hiyo yaweza kuwamo kimeta au kifua kikuu. Hata huko Selous, katika miaka ya 1990, kimeta kililiingia kundi la mbwa mwitu waliokuwa huru, na watoto ndio walioumia zaidi. Ikiwa aliye huru mwenye kuchagua windo lake hakusalimika, aliyefungwa asiye na khiyari atasalimika kwa nini, ila kwa uangalifu wa anayemtupia?

Kisha iko hali ya kundi lenyewe. Mbwa mwitu hawaishi mmoja mmoja. Wana dume mkuu na jike mkuu, na kwa kawaida jike huyo mmoja ndiye azaaye, watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na kundi zima huwalea. Wanaokwenda kuwinda hurudi wakacheua nyama, wakawapa watoto, na mlinzi aliyebaki shimoni, na mara nyingi hata kilema na mgonjwa asiyeweza kukimbia. Huyu anayekimbiwa barabarani kwa unajisi ana desturi ambayo mitaa mingi ya waja imeiacha.

Desturi hiyo ndiyo nguvu yao, na ndiyo khatari yao. Wanapoamkiana hulambana midomo. Mmoja akiugua, ugonjwa umekwisha kuwafikia wote. Na tabibu akitaka kumtibu mmoja, haimfai amtoe kundini akamweka mbali siku nyingi, kwani akirudi wenziwe waweza kumkataa wakamwuma. Ni lazima apigwe sindano ya usingizi, atibiwe hima, arudishwe, na pengine wenziwe nao walazwe usingizi ili waamke pamoja. Vijana wa kike wakikua, porini huondoka pamoja wakatafuta madume wa kundi jingine. Ndani ya ua hawana pa kwenda, wakawa wanapigana na mama zao au dada zao hata kufa. Kuwachanganya wageni wa makundi mawili katika ua mmoja ni kuwapeleka machinjoni. Ndiyo maana ya maneno ya Izzuddin: asikusanywe na wa jinsi yake atakayemdhuru. Basi nyua lazima ziwe nyingi, ziwe pana, zenye kivuli na mahali pa kujificha, na mtu wa kuwatazama kila asubuhi awe anawajua mmoja mmoja kwa mabaka yao, kwani mnyama hasemi anaumwa, na wa mwituni huficha ugonjwa wake mpaka umekwisha mshinda.

Hayo yote yafahamika na hufanywa. Liko moja ambalo ni gumu kuliko yote, na Mkomazi ndiko lilikodhihiri.

Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na baadaye ikawa hifadhi ya taifa. Kuanzia mwaka 1989 alikuwako huko Mwingereza, Tony Fitzjohn, aliyekuwa zamani msaidizi wa George Adamson katika kazi ya simba huko Kora, Kenya. Mwaka 1995 walichukuliwa watoto wa mbwa mwitu kutoka mashimo yao katika nyika ya Wamasai, mahali ambapo kuishi kwao kulikuwa mashakani kwa ugomvi wao na wenye mifugo. Wakajengewa nyua Mkomazi, wakalishwa, wakakua, wakazaa. Walichanjwa pia, juu ya kichaa cha mbwa na juu ya maradhi mengine, na mmojawapo ni ugonjwa uitwao distempa. Kufika mwaka 2000 walikuwa 52.

Distempa ni ugonjwa wa jamii ya mbwa, na kijidudu chake ni ndugu wa kijidudu cha surua ya watoto. Mnyama hupata homa, macho na pua hutoa uchafu, hukohoa, huhara, kisha ugonjwa ukipanda kichwani hushikwa na mitetemeko kama ya kifafa. Mbwa wa vijijini huupata na wengi wao hupona, wakawa wameuambukiza kwa bweha na fisi na simba. Mwaka 1994 uliingia Serengeti, ukaua yapata thuluthi moja ya simba wote wa huko, nao walikuwa huru, hawakufungwa na mtu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2000 ugonjwa uliingia katika nyua za Mkomazi. Katika muda wa miezi miwili walikufa mbwa mwitu 49. Walibaki 3. Wataalamu wa Rotterdam, Uholanzi, walipopima viungo vya waliokufa walikuta kuwa ni distempa yenyewe, na khabari hizo zikatolewa mwaka 2002. Chanjo walikuwa nayo, walakin kinga yake haikutosha. Ilikuwa ni chanjo iliyotengenezwa kwa kijidudu kilichokwisha uawa, kwa sababu ile yenye kijidudu kilicho hai, ambayo mbwa wa nyumbani huivumilia, ilikuwa imekwisha pata kuua watoto wa mbwa mwitu kwingineko. Waliogopa dawa isije ikawa ndiyo sumu, wakachagua iliyo salama, na iliyo salama haikuwa na nguvu.

Basi hapa ndipo swali linapouma. Je, hawa ni kama mwanamke wa paka?

Wako watakaosema ndiyo: waliwafunga, wakafa kifungoni, na lau wangaliachwa nyikani wasingalikufa wote kwa mpigo. Wako watakaosema siyo: ajali imefika, na ajali haikawizwi kwa chanjo wala kwa waya. Kauli zote mbili zina walakini.

Kauli ya pili ndiyo ivutiayo watu zaidi, kwa kuwa inapumzisha. Lakini ni dini ile ile inayomwamini Mwenyezi Mungu kuwa ndiye mwenye kukadiria, iliyomwamrisha bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Na kwa maradhi ya wanyama khasa iko hadithi sahihi ya Abu Huraira, ambayo maana yake ni kuwa mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa mwenye ngamia wazima. Neno hili lilisemwa kabla ya mtu yeyote kuona kijidudu kwa kioo. Kama kudra ingalikuwa ni udhuru wa kuacha kuangalia, kungalikuwa na haja gani ya kukatazwa mchanganyiko huo?

Kauli ya kwanza nayo imeruka jambo. Sheria imetofautisha baina ya mwenye amana aliyeiharibu kwa kuacha au kuvuka mpaka, na mwenye amana aliyeilinda kama walindavyo wenzi wake kisha ikamtoka. Wa kwanza hulipa, wa pili halipi. Mwanamke yule hakumlisha paka wala hakumwachia. Watu wa Mkomazi walilisha, walitibu, walichanja kwa ilimu waliyokuwa nayo, na makusudio yao yalikuwa kuacha: kuufungua mlango siku moja. Dhambi ya paka haiwashiki.

Hata hivyo kutokuwa na dhambi si kutokuwa na la kujifunza, na kwa haki jambo moja lisemwe wazi. Mwenyezi Mungu amewatawanya mbwa mwitu: kundi moja huzunguka mamia ya maili za mraba, na baina ya kundi na kundi pana nchi tupu. Ugonjwa ukilimaliza kundi moja, mara nyingi huishia hapo, kwa kuwa hapana mdomo mwingine wa karibu. Mwenye kufunga huiondoa nchi ile tupu baina yao. Huwakusanya 52 mahali ambapo homa ya mmoja ni homa ya wote. Basi umbali ule aliouondoa ni deni juu yake, na deni hilo halilipwi kwa chakula kizuri wala kwa mapenzi. Hulipwa kwa kuzitenga nyua mbali mbali, kwa kuzuia mbwa wa kijiji na bweha wasisogee ukingoni, kwa kuwachanja kwanza mbwa wa walinzi na wa wapishi na wa majirani wote, na kwa kupima damu ijulikane kama chanjo imeshika, si kudhani kuwa imeshika. Nia njema humtoa mtu katika dhambi. Haimwondolei wajibu wa kujua. Na mtu asiyeweza kuupata ujuzi huo, wala mali ya kuutumia, na asifunge, maana mlango wa pili wa hadithi ungali wazi.

Kazi ile haikuachwa. Ilianzwa tena katika Mkomazi, na makundi yalifunguliwa kurudi porini katika miaka iliyofuata. Na katika Serengeti, ambako makundi yaliyojulikana yalitoweka mwaka 1991 baada ya kichaa cha mbwa kuonekana baina yao, mbwa mwitu wa kutoka Loliondo walianza kufunguliwa tena mwaka 2012, baada ya kukaa kwa muda ndani ya ua.

Msomaji wa Lionja atasema: hizo ni khabari za Mkomazi, huku Lionja hakuna aliyefunga mbwa mwitu. Ni kweli, hakuna ua wa waya. Lakini na atazame tena. Trekta za mpango wa karanga zilipoanza kukata misitu ya Nachingwea, pori lilianza kurudi nyuma, na tangu siku hizo halikuacha kurudi. Shamba limesogea, kijiji kimesogea, na pamoja na kijiji amesogea mbwa wa kijiji. Mwenye shamba humweka mbwa kwa ajili ya nguruwe mwitu na nyani wanaomaliza mihogo na mahindi, na sheria imemruhusu, kwani mbwa wa shamba na wa mifugo na wa kuwinda wametolewa katika makatazo. Walakin ruhusa hiyo imekuja na mnyama mzima. Haikuja na meno yake peke yake. Mbwa huyo amefungwa kwa riziki ya mwenyewe, hata kama hana kamba shingoni: usiku hubweka shambani, mchana huzunguka vichakani, na maradhi anayoyapata kijijini huyapeleka porini, na ya porini huyaleta kwa watoto wa kijiji. Wengi wenye mbwa namna hii, wakiulizwa mbwa huyu ni wa nani, husema ni wa shamba, kana kwamba shamba litasimama siku ya hesabu kujibu.

Kichaa cha mbwa kikishadhihiri kwa mtu hakina dawa. Dawa yake ni kabla, na kabla hiyo iko kwa mbwa. Baina ya mwaka 2010 na 2015 Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Afya Ulimwenguni zilifanya kazi ya kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki na kisiwani Pemba, na mkoa wa Lindi ulikuwamo. Hesabu ya wataalamu ni kuwa wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita ukazimika wenyewe. Pemba, nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu na ambako kumshika mbwa ni jambo zito, ugonjwa ulizimwa mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016 kwa mbwa walioletwa kutoka nje. Ukazimwa tena mwaka 2018. Na ijulikane kuwa chanjo ya kichaa si chanjo ya distempa. Ni mbili mbali mbali, na mwenye kuishi ukingoni mwa pori na aulize kwa bwana mifugo zote mbili.

Iko hujja moja iliyobaki, nayo ndiyo iwazuiayo wengi siku ya chanjo inapotangazwa. Mtu husema: nitamshikaje mbwa nimpeleke mpaka skuli au sokoni, nami nina udhu wangu na nguo zangu za sala? Na kwa hujja hiyo humtuma mtoto wa miaka saba, ambaye ndiye wa kwanza kuumwa mbwa akishtuka kwa sindano.

Madhehebu ya Shafi yamelijibu hili zamani. Kikavu kikigusana na kikavu, unajisi hauhami. Mwenye kumwongoza mbwa mkavu kwa kamba kavu, mkono wake mkavu, hakunajisika, na udhu wake haukutanguka. Mbwa akimlamba, au akimgusa naye ana maji, mahali palipoguswa pataoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na udhu ungalipo. Ndoo moja ya maji yatosha, na udongo wa Lionja haununuliwi.